Laini ya Saba Imezimwa

Kuna jambo moja nimeligeuza kichwani kwa muda mrefu bila kulipatia jibu: kwa nini Ngazi, fundi umeme aliyepanda nguzo miaka kumi na mmoja, aliziacha glavu zake nyumbani asubuhi ile. Mwenyewe anasema alisahau. Mkewe anasema mume wake anaweza kusahau siku waliyooana, anaweza kutumwa chumvi akarudi na sabuni, lakini glavu hazisahau, maana kila usiku huzilaza juu ya viatu vyake vya kazi, asiweze kuvaa viatu kabla hajazishika. Nimewasikiliza wote wawili, nimewaamini wote wawili, na ndiyo maana sijafika popote.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, mkabala na geti la shirika la umeme. Mwisho wa benchi, upande wa kivuli, Mama Kahawa hupanga vikombe na chupa zake mbili. Katikati hukaa Hakika, msoma mita mstaafu, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu neno "labda" halijawahi kumtoka. Mimi hukaa pembeni na sindano yangu, nikishona vitabu vilivyoachana na majalada. Na kila siku saa nne, geti linafunguliwa, anatoka msichana mwenye kitambulisho shingoni kuja kunywa kahawa yake. Tunamwita Binti Ghala. Ndiye aliyetengeneza ile huduma ya ndani ya shirika ambayo mafundi wanaifungua kwenye simu zao kabla ya kugusa waya, na ghala ni jina letu la ile kompyuta kubwa inayotunza habari zao zote.

Siku hiyo aliiweka simu yake benchini ili apokee kikombe. Hakika akachungulia bila kuomba ruhusa.

— Laini ya saba imezimwa, akasoma kwa sauti. Kinyozi, weka mashine chini. Unamnyoa mtu kwa umeme ambao haupo.

Kinyozi akatoa kichwa mlangoni. Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwake, na nyuma yake mteja alikuwa amekaa na kichwa kilichonyolewa nusu.

— Kwani mimi niko laini ya saba?

— Toka kibanda hiki kijengwe. Mita yako nimeisoma miaka tisa, nakujua kuliko mama yako.

— Basi hiyo simu inaota.

— Haioti, Binti Ghala akasema huku akipuliza kahawa. Imechelewa kidogo tu. Hiyo mnayoiona ni nakala.

— Nakala ya nini, mwanangu? Mama Kahawa akauliza.

Binti Ghala alikuwa na subira na watu wa benchi, labda kwa sababu ofisini kwao hakukuwa na mtu wa kumuuliza maswali ya namna hiyo.

— Wewe kahawa unaichemshia wapi, mama?

— Nyumbani. Kwenye sufuria kubwa.

— Kwa nini usirudi nyumbani kila mtu anapoomba kikombe?

— Nirudi nyumbani kwa kila kikombe, niuze saa ngapi? Si ndiyo maana nina chupa.

— Na mimi hivyo hivyo. Mafundi wako mia mbili. Kila mmoja akifungua simu, swali linakwenda ghalani. Walikuwa wanalizidi nguvu, asubuhi linagoma kabisa. Nikaweka chupa katikati. Inachota ghalani kila dakika ishirini, halafu inawamiminia mafundi. Tangu hapo hakuna anayelalamika.

— Yangu ikipoa, mtu anaijua mdomoni, Mama Kahawa akasema.

— Data haipoi, mama. Ya jana ina ladha ile ile ya sasa hivi.

Alilisema kama mzaha, tukacheka. Baadaye nimelikumbuka neno hilo mara nyingi.

— Dakika ishirini? Kinyozi akauliza kutoka ndani.

— Ishirini, hazizidi.

— Mimi nimefungua saa tatu kamili. Nimeshanyoa vichwa vinne, huyu wa tano nimefika nusu. Umeme haujakatika hata mara moja.

Binti Ghala alishusha kikombe. Aliichukua simu, akaburuta kidole kuifanya isome upya, akaiangalia. Laini ya saba, imezimwa. Akarudia. Ikawa ile ile. Akaitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejibu haraka mno.

Hakika hakuhitaji zaidi ya hapo.

— Mimi nitawaeleza, ni jambo jepesi. Huo ni umeme uliobaki. Laini ya saba ni ndefu, inazunguka mpaka kwenye kinu cha unga. Ukizima kule mwanzo, uliokwisha kuingia kwenye waya lazima umalizike kwanza. Ni kama mpira wa maji.

— Uliobaki unyoe vichwa vinne? mteja akauliza kutoka kwenye kiti.

— Inategemea nywele.

— Mzee Hakika, umeme haubaki, Binti Ghala akasema taratibu, lakini hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anaburuta tena.

— Basi kinyozi ameunganisha kwa jirani. Hilo nalo naweza kulithibitisha.

— Nithibitishie, nikuthibitishie wembe.

— Mimi naona hivi, mteja akasema, akigeuza ile nusu ya kichwa upande wetu. Hizi kompyuta siku hizi zinajua mambo kabla. Itakuwa imeona kwamba laini itazimwa, ikaandika mapema. Sisi ndio tumechelewa.

— Au inaogopa wakubwa, Mama Kahawa akaongeza. Wakubwa wamesema laini izimwe, nayo inasema imezimwa. Wangapi humo ndani wanajibu hivyo?

Hakika alikuna kidevu. Nilimwona anatafuta hoja kubwa kuliko zote, na alipoipata alishusha sauti.

— Laini za saba ziko mbili. Iko moja mtaani, hii inayomzungushia kinyozi feni. Na iko nyingine humo kwenye simu. Zamani shirika lilikuwa linatawala hii ya mtaani. Siku hizi linatawala ile nyingine.

Hakika akaonyesha geti kwa kidole.

— Enzi zetu, akaendelea, fundi akienda kupanda nguzo, anapita kwanza chumba cha udhibiti. Ana kibao chake cha bati chenye jina lake. Anakitundika mwenyewe kwenye swichi ya ile laini. Hakuna mtu wa kuiwasha, hata mkurugenzi, mpaka yule yule fundi arudi akitoe kwa mkono wake. Sasa mmevitupa vibao.

— Walikuwa wanapanga foleni mpaka saa tano, mzee. Kazi zilikuwa hazianzi.

— Foleni ya watu wazima wenye uhai.

Binti Ghala alikuwa amesimama tayari, kikombe kimejaa nusu, na nadhani angeondoka wakati ule ule kwenda kuangalia kulikoni, kama si yule mwanamke aliyekuja kwa mwendo wa haraka akitokea upande wa sokoni, mfuko mweusi wa plastiki mkononi, kanga imemlegea begani.

— Shikamoo, mama, akamwambia Mama Kahawa.

— Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza upumue.

— Sikai. Geti la mafundi ndilo hili? Nimemletea mume wangu glavu zake.

Kinyozi akatoka nje kabisa, mashine bado iko mkononi, waya umemfuata hadi mlangoni.

— Shemeji. Jamani, huyu ni mke wa Ngazi.

Ngazi tulimjua wote. Alikuwa mrefu, mpole, na alinyolewa hapo kila Ijumaa bila kusema zaidi ya maneno kumi.

— Alinipigia saa tatu kasoro, mwanamke akaeleza. Ati kasahau glavu. Yeye, kusahau glavu. Kasema nizilete hapa, gari la kazi litapita kuzichukua. Basi maji yalikuwa yanatoka bombani, nikaona nimalize kwanza nguo za watoto, maana yakikatika yamekatika. Nimechelewa.

— Si angeazima za mwenzake? mteja akauliza.

— Haziazimwi, Hakika akasema. Kila mtu na zake, zimepigwa namba na tarehe ya kupimwa.

— Leo yuko wapi? Binti Ghala akauliza.

— Nyuma ya kinu cha unga. Kuna nguzo wanabadilisha kichwa. Kaniambia nisipofika mapema atapanda hivyo hivyo, kwani tatizo ni nini, laini imezimwa, ameiona mwenyewe kwenye simu.

Mashine ya kinyozi iliendelea kunguruma. Ni sauti niliyoizoea kiasi kwamba nilikuwa siisikii tena. Sasa nilikuwa sisikii kitu kingine.

Mke wa Ngazi alitutazama mmoja baada ya mwingine.

— Mbona mmenyamaza?

Binti Ghala aliigeuza simu ili mwenzake asome. Mwanamke akasoma midomo ikicheza.

— Si imeandikwa hapa imezimwa?

— Imeandikwa.

— Haya maandishi ni ya saa ngapi?

Lilikuwa swali dogo. Ni swali ambalo mtu humuuliza yeyote anayeleta habari za mgonjwa: umemwacha saa ngapi? Hakika alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakifunga tupu. Mama Kahawa alimtazama Binti Ghala. Binti Ghala aliitazama skrini juu mpaka chini, kana kwamba saa ingekuwa imejificha mahali.

— Haina saa, akasema. Sikuiwekea saa.

— Mpigie, kinyozi akasema.

Mke wa Ngazi alikuwa ameshapiga. Tulisikia simu ikiita upande wa pili, ikaita, ikaita, ikakata. Hakika akasema kwa sauti ya chini kwamba mafundi huacha simu zote garini kabla ya kupanda, ndiyo sheria. Mwanamke akapiga tena.

Binti Ghala hakuaga. Alivuka barabara akikimbia, kitambulisho kinampigapiga kifuani, pikipiki moja ikafunga breki mbele yake. Akaupiga mlango mdogo wa geti kwa viganja vyote viwili. Chumba cha udhibiti kilikuwa ghorofa ya pili.

— Mimi naenda kwenye kinu, kinyozi akasema. Alikuwa na pikipiki nyuma ya kibanda. Aliinua kidole kuzima mashine.

— Usizime, Hakika akasema. Iweke hapo mezani. Iache ingurume.

Kinyozi alielewa. Aliilaza mashine juu ya taulo, ikiwa hai, akaondoka.

Mke wa Ngazi alitaka kupanda naye. Alipiga hatua moja kumfuata. Mama Kahawa alimshika mkono akamkalisha benchini, akauacha mkono wake juu ya ule wa mwenzake. Mfuko mweusi ulikuwa mapajani. Kwa juu niliona kidole kimoja cha glavu, rangi ya chungwa, kimechomoza.

Tukasikiliza. Mtu hawezi kujua urefu wa dakika mpaka akae anasubiri mashine ya kunyolea izime. Wapita njia walikuwa wanapita. Mmoja aliomba kahawa, hakuna aliyemjibu, akaondoka akinung'unika. Feni ya kibandani ilikuwa inageuza kichwa kulia, inarudi kushoto. Mteja alikuwa bado kwenye kiti, mikono kwenye magoti, kama mtu anayepigwa picha.

— Nguo zenyewe zilikuwa chache, mke wa Ngazi akasema. Ningeweza kuziacha.

— Usiseme hivyo, mwanangu.

— Zilikuwa sare za shule tu.

Kisha mashine ikanyamaza.

Ilizima ghafla. Feni ikaendelea kidogo kwa mazoea, ikapunguza, ikasimama ikitazama ukuta. Dukani kwa jirani redio ilikatika katikati ya neno. Umeme ukikatika mtaani kwetu kuna sauti ya watu wote kulalamika kwa pamoja. Siku hiyo benchini hakulalamika mtu.

— Wamezima, mteja akasema. Alhamdu... wamezima.

Hakika hakuinua uso. Nilimwona anaumeza ulimi wake, na mke wa Ngazi naye alimwona.

— Sema, mzee.

— Hakuna kitu.

— Wewe umefanya kazi humo. Laini inazimika kwa sababu zipi?

Hakika aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

— Inazimwa na mtu wa kule ghorofani.

— Na nyingine?

Hata mimi ninayeshona vitabu najua kwamba mtu akigusa waya ulio hai, laini hujizima yenyewe.

Sijui tulikaa muda gani na hizo sababu mbili. Binti Ghala alitokea getini, akasimama upande ule wa barabara, akainua mkono. Hatukujua mkono ule una maana gani. Magari yalipita kati yetu. Alipofika, hakuwa na pumzi.

— Nimezima mimi. Yaani wamezima, nimesimama pale mpaka wakazima. Ilikuwa imewashwa tangu saa mbili na nusu. Kazi ya kwenye kinu waliihamishia mchana. Waliandika ghalani. Ghala linajua. Njia ya kutoka ghalani kuja kwenye nakala ilikatika tangu saa mbili.

— Kabla hamjaizima, ilikuwa bado hai? Hakika akauliza.

— Ilikuwa hai. Haikuwa imejizima.

Hakika akavaa kofia. Mke wa Ngazi hakuonekana kusikia. Simu ya Mama Kahawa ikalia. Alikuwa kinyozi.

— Mpe shemeji, tukasikia.

Akampa. Ikapita sauti ya upepo, kisha sauti ya mtu anayevuta maneno, ya mtu wa maneno kumi:

— Mama watoto, mbona umechelewa hivyo?

Mke wa Ngazi akaiweka simu juu ya ule mfuko wa plastiki, akajifunika uso kwa kanga. Kwenye simu Ngazi alikuwa bado anauliza kama glavu zimepatikana.

Kinyozi aliporudi alituambia alivyomkuta Ngazi. Alikuwa amekaa chini ya nguzo, mkanda wa kupandia umefungwa kiunoni, ngazi imesimamishwa tayari. Msimamizi alikuwa ameshamgombeza mara tatu kwamba laini imezimwa na saa zinakwenda. Alikuwa anajibu jambo moja tu: nasubiri glavu. Alikaa hivyo zaidi ya saa nzima, mtu aliyekwisha kusema kwamba atapanda hivyo hivyo. Nilipomuuliza siku nyingine, akasema jua lilikuwa kali. Nilipomuuliza tena, akasema tangu ile huduma ya kwenye simu ianze, kila anapopanda anasikia baridi mgongoni, lakini baridi si sababu, huwezi kumwambia msimamizi una baridi. Kisha akarudia kwamba glavu alizisahau.

Binti Ghala hakurudi ofisini mara moja. Alikaa benchini, Mama Kahawa akammiminia kahawa, hakuinywa.

— Mwanzoni nilifanya vizuri, akasema, kama anasoma kitu. Ramani ya nguzo, majina ya mitaa, namba za transfoma. Hivyo havibadiliki mwezi mzima, ukivitunza kwenye nakala hakuna anayeumia. Halafu wakaniambia niongeze na hali ya laini, imewashwa au imezimwa. Kifurushi cha nakala kilikuwa tayari. Nikaitia humo humo.

— Na ikishindwa kufika ghalani? Hakika akauliza. Kwa nini isinyamaze?

— Niliiambia isinyamaze. Walikuwa wanalalamika skrini ikiwa tupu. Nikaiambia ikishindwa, itoe ile ya mwisho. Inaitoa kwa sauti ile ile.

Nilingoja Hakika amwambie "nilikwambia". Hakumwambia. Alimsogezea kile kikombe karibu zaidi na mkono. Na mimi sijaweza kumlaumu msichana yule. Aliombwa skrini isiwe tupu, na sote tunapenda mtu anayetujibu haraka.

— Sasa? Mama Kahawa akauliza.

— Hali ya laini naitoa kwenye nakala. Fundi akiuliza, swali liende mpaka ghalani, lichelewe linavyochelewa. Ghala lisipojibu, skrini iandike "Sijui". Vingine vyote vibaki, lakini kila kimoja na saa yake pembeni.

— Wakubwa watakubali?

— Kikao ni wiki ijayo.

— Wiki ijayo, mke wa Ngazi akarudia. Ndilo neno lake la kwanza tangu ile simu. Kesho yeye anapanda.

Binti Ghala alimtazama, akainuka, akavuka barabara. Alasiri hiyo hiyo, saa tisa na dakika kumi, aliitoa hali ya laini kwenye nakala kwa mkono wake mwenyewe, bila kikao. Najua dakika kwa sababu alikuja kutuonyesha skrini, na safari hii ilikuwa na saa pembeni.

Kuhusu vibao hakuna aliyeamua kitu ofisini. Vilishauzwa pamoja na vyuma chakavu, isipokuwa kimoja. Ngazi alikuwa amekipeleka nyumbani siku walipoambiwa havitumiki tena, na mkewe alikuwa anatundikia funguo. Kesho yake asubuhi mwanamke yule alipita mbele ya benchi letu na kile kibao mkononi, akatusalimia, akaingia getini, akapanda hadi ghorofa ya pili. Mtu wa chumba cha udhibiti alimwambia hairuhusiwi. Mwanamke akamwonyesha jina kwenye bati, akamuuliza swichi ya laini ya saba ni ipi, akakitundika. Jioni Ngazi alishuka kwenye gari la kazi, akapanda juu akakitoa.